Kushikana na Kuhama kwa Seli: Jinsi Kiinitete cha Chura Kipatavyo Umbo

Yai la chura ni tufe dogo. Yai la chura wa kusini mwa Afrika aitwaye kisayansi Xenopus laevis, ambaye hutumiwa sana katika maabara, lina kipenyo cha milimita 1.2 hivi. Nusu yake ya juu ni nyeusi. Nusu ya chini ni nyeupe kwa kuwa imejaa kiini, yaani akiba ya chakula. Siku moja tu baada ya yai kutungishwa, tufe hilo huwa limekuwa kiumbe chenye upande wa kichwa na wa mkia, mgongo na tumbo, ingawa hakijala chochote. Umbo hilo hutokana na mambo mawili yanayokwenda pamoja: seli hushikana, na seli huhama.

Kutoka seli moja hadi maelfu

Katika joto la nyuzi 23 za Selsiasi, yai hugawanyika mara ya kwanza baada ya dakika 90 hivi, kisha kila baada ya dakika 30 hivi. Baada ya migawanyiko 12 huwa pana seli zipatazo 4,000. Seli hizo hufanya tufe lenye uwazi ndani yake, liitwalo blastula. Mpaka hapo umbo la nje halijabadilika.

Seli zinapoingia ndani

Saa 10 hivi baada ya utungisho, mpasuko mdogo hutokea chini kidogo ya katikati ya tufe, upande utakaokuwa mgongo. Hapo baadhi ya seli hubana ncha zao za nje, zikawa na shingo nyembamba kama chupa. Kwa kubana hivyo huivuta ngozi ya kiinitete ikunjike kuelekea ndani. Seli za jirani hufuata, zikipinda kwenye ukingo wa mpasuko na kutambaa juu ya upande wa ndani wa paa la ule uwazi. Paa hilo limetandazwa nyuzi za protini iitwayo faibronektini, ambazo seli huzishika zinaposonga mbele.

Mwisho wa safari hiyo huwa pana matabaka matatu. La nje ni ektodemi, litakalokuwa ngozi na neva. La kati ni mesodemi, litakalokuwa misuli, mifupa na damu. La ndani ni endodemi, litakalokuwa utumbo.

Safu fupi kuwa safu ndefu

Mwili hurefuka vipi? Tuchukue mfano wa wanafunzi waliosimama katika safu sita fupi. Wakipenyezana kuelekea katikati mpaka wabaki katika safu mbili, kundi litakuwa jembamba na refu, ingawa hakuna mwanafunzi aliyeongezeka. Seli za mesodemi ya mgongo hufanya vivyo hivyo.

Kazi hii hutaka kiasi. Seli zisiposhikana, kiinitete husambaratika. Zikishikana mno, haziwezi kupenyezana. Majaribio ya miaka ya 1990 yalionyesha kwamba tishu inayorefuka hulegeza kidogo mshikamano wa seli zake, na kwamba ikilazimishwa kushikana kwa nguvu, hairefuki.

Seli hutambuanaje?

Mwaka 1955, huko Marekani, Philip Townes na Johannes Holtfreter walitenganisha seli za viinitete vya amfibia kwa maji yenye alkali, wakazichanganya ovyo, kisha wakarudisha maji katika hali ya kawaida. Seli zilikusanyika tena, na baada ya muda zikajipanga: za ngozi zilikwenda nje, za neva zikabaki ndani.

Baadaye ilifahamika kwamba seli hushikana kwa protini ziitwazo kadherini, ambazo huhitaji madini ya kalsiamu. Kalsiamu ikiondolewa majini, seli huachana. Tena kadherini zina aina nyingi, na seli zenye aina moja hupendelea kushikana zenyewe kwa zenyewe. Bamba la neva linapokunjika kuwa mrija, seli zake hutoa aina ya N, ilhali za ngozi hubaki na aina ya E. Mwaka 1990 watafiti waliifanya ngozi ya kiinitete cha chura itoe aina ya N. Mrija ukashindwa kutengana vizuri na ngozi.

Faida kwa binadamu

Mrija huo ndio utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo. Kwa binadamu hufungika katika siku 28 hivi za mwanzo wa mimba, mara nyingi mama akiwa hajajua kuwa ni mjamzito. Usipofungika, mtoto huweza kuzaliwa na mgongo wazi. Majaribio ya vyura yaliyotangazwa mwaka 2002 yalionyesha sababu mojawapo: seli zikizuiwa kupenyezana, kingo za bamba hubaki mbalimbali na hazikutani. Asidi ya foliki, inayopatikana katika vidonge na pia katika maharage na mboga za majani, hupunguza hatari hiyo ikitumiwa tangu kabla ya kushika mimba.

Uchunguzi wa darasani

Baada ya mvua, vyura wengi hutaga mayai meusi madimbwini. Mwalimu achukue machache yaliyotagwa usiku uliopita, ayaweke kivulini katika sahani yenye maji ya dimbwi hilohilo. Wanafunzi watumie lenzi ya mkono kila saa na kuchora waonayo. Sehemu nyeupe itapungua mpaka iwe duara dogo, kisha itoweke: hapo seli zitakuwa zimekwisha kuingia ndani. Viluwiluwi virudishwe dimbwini.

Maswali

1. Kwa nini blastula haiwi kubwa kuliko yai, ingawa ina maelfu ya seli?
2. Eleza kwa nini mshikamano mkali mno wa seli huzuia mwili kurefuka.
3. Kwa nini ushauri kuhusu asidi ya foliki hutolewa kabla ya mimba kushikwa?