Hadidiski ya Kompyuta ya Kwanza: Maswali ya Wana-Tanga

Vijana wanaojiundia kompyuta kwa mara ya kwanza huumiza kichwa wiki nzima kwa prosesa na kadi ya grafiki, halafu hadidiski wanainunua kwa chenji iliyobaki. Natamani wangeanza na hadidiski. Prosesa ikiungua utanunua nyingine na kazi itaendelea; hadidiski ikifa inaondoka na picha za harusi, hesabu za duka na utafiti wa chuo. Maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa zaidi na watu wa Tanga mjini, Muheza, Pangani na Mkinga.

Swali: Shikamoo fundi. Nikifika dukani nichukue ya kampuni gani? Huyu ananiambia Seagate haifai, yule anaapa kuwa WD ndiyo mbovu.

Jibu: Marahaba mwanangu. Kila mmoja anasimulia ile moja iliyomfia. Hadidiski za kuzunguka leo zinatengenezwa na kampuni tatu tu duniani: Seagate, Western Digital na Toshiba. Samsung iliuza kitengo chake kwa Seagate mwaka 2011, na mwaka uliofuata Western Digital ikachukua kile cha Hitachi. Kampuni moja inaweza kutoa modeli imara na modeli ya aibu. Deskstar 75GXP ya IBM, iliyotoka mwaka 2000, ilikufa kwa wingi hadi wateja wakafungua kesi Marekani. Seagate ya terabaiti 3 yenye namba ST3000DM001 nayo iliwaliza wengi, huku Seagate nyingine za miaka hiyohiyo zikipiga kazi bila matatizo.

Kampuni ya Backblaze ya Marekani, ambayo kazi yake ni kuhifadhi mafaili ya wateja, ilianza mwaka 2013 kukusanya takwimu za diski zake zote na kuzitoa hadharani. Sasa diski hizo zimepita laki mbili. Kwa ujumla, katika kila diski mia, moja au mbili hufa kwa mwaka, na tofauti kubwa huonekana kati ya modeli na modeli. Kwa hiyo andika namba ya modeli, itafute kabla ya kulipa, na jina la kampuni liwe jambo la mwisho. Wala usibabaishwe na maandishi ya "saa milioni moja bila hitilafu". Saa milioni moja ni zaidi ya miaka 114. Hesabu hiyo inahusu kundi kubwa la diski zikijumlishwa pamoja. Haisemi lolote kuhusu hiyo moja utakayobeba wewe.

Huku pwani diski zinauawa hasa na umeme, unyevu wa chumvi, na maisha yaliyopita ya diski ya mtumba. Hapo ndipo pa kukaza macho.

Swali: SSD au ya kuzunguka? Hela yangu inatosha moja tu.

Jibu: Chukua SSD ya gigabaiti 480 au 500. Hadidiski ya kuzunguka inakwenda mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachosoma huelea nanomita chache tu juu ya sahani. Mtoto akiigonga keisi wakati kompyuta inafanya kazi, kichwa kinaweza kuichuna sahani. SSD haina kinachozunguka, na Windows inawaka upesi kiasi kwamba hutataka kurudi nyuma. Hela ikipatikana, ongeza ya kuzunguka ya terabaiti 1 au 2 kwa ajili ya video na picha.

Ila angalia mazabodi kwanza. Zile SSD nyembamba za M.2, zinazochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi, ziko za SATA na za NVMe, na kwa macho zinafanana sana. Kompyuta nyingi za ofisini za Intel kizazi cha tatu na cha nne, ambazo wengi wanaanzia hapo kwa kubadilisha kifaa kimoja kimoja, mara nyingi hazina hata tundu lake. Kwa hizo SSD ya SATA ya inchi 2.5 inatosha kabisa.

Na kuna jambo wauzaji hawalisemi: SSD haikuumbwa kufungiwa kabatini. Kiwango cha JEDEC kwa SSD za matumizi ya nyumbani kinadai kwamba diski iliyochakaa hadi kikomo chake itunze data mwaka mmoja bila umeme, katika joto la nyuzi 30. Ikiwa mpya hutunza zaidi ya hapo, lakini chumba cha Ngamiani mwezi Februari kinapita nyuzi 30. Picha unazotaka wajukuu wazione, ziweke kwenye diski ya kuzunguka.

Swali: Kaka yangu ameona Kariakoo diski za mtumba za terabaiti 4 kwa bei ya kutupa. Aninunulie?

Jibu: Anunue baada ya kuichomeka. Muuzaji akikataa diski isichomekwe mbele ya mteja, aage aondoke.

Ikishachomekwa, afungue programu ya CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure. Kwanza asome saa ambazo diski imewahi kuwaka. Mwaka mzima bila kuzima ni saa 8,760. Diski yenye saa 40,000 imekesha zaidi ya miaka minne na nusu kwenye seva ya mtu. Kisha ashuke kwenye mistari yenye alama 05, C5 na C6, inayohesabu vipande vya sahani vilivyoharibika au vinavyoelekea kuharibika. Pale kwenye tarakimu za hesabu halisi nataka sifuri. Ikiwa C5 inasoma hata 8, aiache. Mstari wa C7 ukiwa na hesabu, mara nyingi kosa ni la kebo, na kebo hubadilishwa.

Namba safi nazo zisimlevye. Watafiti wa Google walipochunguza diski zao mwaka 2007 walikuta zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuonyesha dalili yoyote katika vipimo vinavyotegemewa zaidi. Na namba hufutwa. Mwanzoni mwa 2025 iligundulika Ujerumani kwamba diski za Seagate zilizotumika makumi ya maelfu ya saa zimesafishwa kumbukumbu na kuuzwa kama mpya. Zilikamatwa kwa sababu Seagate huweka kumbukumbu nyingine ya ndani, iitwayo FARM, ambayo walaghai hawakuigusa. Anayetumia Linux anaweza kuisoma kwa programu ya smartctl, toleo la 7.4 au jipya zaidi. Saa za FARM zikipishana mno na saa za kawaida, diski hiyo imechezewa.

Kuna mtego mwingine unaonasa watu wa Tanga kwa sababu bei yake inavutia mno: diski za SAS zilizong'olewa kwenye seva. Kwa umbo ni SATA tupu. Igeuze uangalie sehemu ya kuchomeka. Ya SATA ina pengo kati ya kipande cha data na kipande cha umeme. Kwenye SAS pengo hilo limezibwa kwa plastiki, na kebo yako haitaingia. Watu wanasafiri nayo hadi nyumbani ndipo wanalijua hilo, na Kariakoo si jirani.

Swali: Risiti ni ya lazima? Bila risiti wananipunguzia.

Jibu: Dai risiti ya EFD, na namba ya utambulisho ya diski iandikwe humo. Waranti bila namba hiyo ni ahadi ya mdomo. Ukiuziwa feki, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye kazi ya kupambana na bidhaa bandia, na utakwenda huko na karatasi mkononi.

Swali: Nakaa Raskazone, upepo wa bahari unaingia hadi chumbani. Vyuma vyote vinapata kutu. Diski itapona?

Jibu: Itapona ukiitunza. Hadidiski ya kawaida haikufungwa kabisa: ina kitundu kidogo chenye kichujio ili hewa ya ndani na ya nje zilingane, na juu ya kifuniko imeandikwa kisizibwe. Kichujio kinazuia vumbi; unyevu unapita taratibu. Mwenye kazi ya diski kubwa anaweza kununua zilizojazwa gesi ya heliamu, ambazo zimezibwa kabisa, ila bei yake si ya kompyuta ya kwanza.

Chumvi huanza kula mahali ambapo hapaonekani. Ukifungua bodi ya kijani iliyo chini ya diski, kwa bisibisi ya nyota, utakuta vidoto vya mguso vinavyopeleka ishara kwa vichwa vilivyomo ndani. Diski iliyokaa miaka Pangani au Mkinga vidoto hivyo hugeuka vyeusi, na kompyuta inaanza kuiona diski leo na kuikosa kesho. Fundi huvisugua kwa raba ya penseli, taratibu, hadi ving'ae, na mara nyingi diski inarudi kazini. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya diski inayofunguliwa mezani. Kifuniko cha juu hakiguswi.

Usiweke keisi chini ya dirisha linalotazama bahari. Kompyuta isiyotumika mwezi mzima wa masika iwashwe walau mara moja kwa wiki, joto lake liikaushe. Ukitoa diski kwenye duka lenye kiyoyozi, iache saa mbili tatu ndani ya mfuko wake kabla ya kuiwasha, kwa sababu hewa yetu hutoa jasho juu ya chuma baridi. Kuhusu joto, funga feni mbele ya keisi na uhakikishe diski haipandi nyuzi 50.

Swali: Umeme hapa kwetu Muheza unakatika na kurudi. Mitambo ya Hale na Pangani iko mkoani kwetu, mbona tunateseka?

Jibu: Dada yangu, mtambo wa Hale ulianza kazi 1964 na ule mpya wa Pangani 1995, lakini umeme wake unaingia kwenye gridi ya taifa, na mpaka ufike nyumbani kwako unapita kwenye nguzo na transfoma nyingi. Ujirani na mitambo hausaidii.

Umeme ukikatika ghafla, hadidiski nzuri hutumia nguvu ya sahani zinazoendelea kuzunguka ili kukirudisha kichwa mahali pake. Kinachopotea ni data iliyokuwa njiani, bado haijaandikwa. SSD za bei ya chini hazina akiba ya umeme ya kumalizia kazi, na zikizimwa katikati ya kuandika zinaweza kupoteza ramani ya mahali faili zilipo. Ndiyo maana naona SSD zikifa ghafla bila hata mlio.

Friji gadi inazuia kishindo cha umeme unaporudi. Haizuii kompyuta kuzimika. Nunua UPS, hata ndogo ya dakika kumi, na pawa saplai ya kuaminika badala ya ile inayokuja bure na keisi. Ikiwa bajeti inabana, punguza kadi ya grafiki.

Swali: Nimenunua ya terabaiti 1, Windows inaonyesha 931. Nimeibiwa?

Jibu: Hapana. Kiwandani wanahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Wizi ni ile diski ya nje ya "terabaiti 16" inayouzwa kwa bei ya chakula cha mchana: huwa ni flashi ndogo iliyodanganywa. Ijaribu kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux. Zinaijaza mpaka mwisho kisha zinasoma kilichoandikwa.

Swali: Nikiweka kila kitu mtandaoni, kuna haja ya diski ya pili?

Jibu: Ipo. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti nchini ikazorota kwa siku kadhaa. Mtandaoni weka nakala ya vile visivyopatikana tena. Vingine viwe kwenye diski ya nje, ambayo ukishanakili unaichomoa na kuiweka nyumba nyingine, kwa mama au kwa shangazi.

Swali: Diski yangu imeanza kugonga "tak, tak". Rafiki kaniambia niiweke kwenye friza usiku mmoja.

Jibu: Usithubutu. Ikitoka humo itajaa umande ndani. Mlio huo una maana kichwa hakipati njia, na kila ukiiwasha kinaweza kuzidi kuichuna sahani. Izime sasa hivi. Kama kilichomo kina thamani, ipeleke kwa mtaalamu mwenye kabati safi lisilo na vumbi, na usimruhusu mtu aifungue kwenye meza ya barazani. Kama haigongi ila imekuwa nzito na C5 inapanda siku hadi siku, bado una nafasi: chomeka diski nyingine leo hii, nakili picha na vyeti kwanza, kisha hesabu za duka, na sinema ziwe za mwisho.