Majina ya Bunduki, na Mahali pa Kuiweka

Mzee mmoja wa skimu yetu alikuja ofisini kuulizia mbegu zake, kisha akakaa. Akasema, "Karani, nasikia kule Marekani watu wakiuawa kwa bunduki, wakubwa huanza kubishana juu ya majina ya bunduki. Je, maiti hubadilika kwa jina?" Nilimjibu kwamba majina mengine yana maana na mengine hayana. Somo la mwezi huu ni jibu lile kwa urefu.

Tuanze na maneno yenyewe. Bombom ni bunduki ambayo ukivuta kifyatulio chake na kukishikilia, hutoa risasi mfululizo mpaka ukiachilie, au risasi ziishe. Kuna nyingine ambayo hutoa risasi moja tu kila kifyatulio kinapovutwa, kisha hujitilia yenyewe risasi inayofuata. Hii ya pili si bombom, na wenye bunduki wa Marekani hukasirika sana gazeti likiiita hivyo. Tena iko AR-15. Wengi hudhani herufi zile mbili zina maana ya bunduki ya kushambulia. Sivyo. Zatokana na ArmaLite, kampuni iliyoibuni katika miaka ya 1950.

Msidhani kwamba ubishi huu ni upuzi mtupu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994, ambayo ilikoma mwaka 2004, ilikataza bunduki fulani kwa kutaja majina yao na sehemu zao. Viwanda vingine viliondoa sehemu chache, vikabadili jina, vikaendelea kuuza. Mtunga sheria asiyejua maneno huacha mlango wazi.

Lakini sasa tutazame mji wa Oxford, katika jimbo la Michigan. Tarehe 30 Novemba 2021, mvulana wa miaka 15 aliwapiga watu risasi shuleni kwake. Wanafunzi 4 walikufa, na watu 7 walijeruhiwa. Silaha yake haikuwa AR-15, wala bombom. Ilikuwa bastola, ambayo baba yake aliinunua siku 4 tu kabla ya hapo, naye mtoto alikuwapo dukani.

Bastola ile iliuzwa pamoja na waya wenye kufuli. Waya wa namna hii hupitishwa ndani ya silaha, ukafungwa kwa ufunguo, na risasi haiwezi kuingia mahali pake. Kazi yake ni ya dakika moja. Mahakamani ilielezwa kwamba waya ule ulikutwa ungali katika mfuko wake wa plastiki, haujafunguliwa. Na sanduku la chuma la silaha nyingine za nyumba ile lilikuwa na namba ya siri 0-0-0, kama lilivyotoka kiwandani.

Mwaka 2024 mama na baba, kila mmoja kwa kesi yake, walionekana na hatia ya kuua bila kukusudia. Kila mmoja alipewa kifungo cha miaka 10 hadi 15. Mwezi wa Februari mwaka uo huo ilianza kutumika sheria ya Michigan inayomtaka mwenye silaha, palipo na mtoto, aifungie ndani ya sanduku, au aitoe risasi na kuitia kufuli.

Liko neno moja ambalo nataka kila msomaji alishike barabara, nalo ni "tupu". Mtu huchomoa magazini, yaani kile kikasha cha risasi, akasema, "Bunduki hii ni tupu." Huenda si tupu. Risasi moja yaweza kuwa imekwisha kuingia nyuma ya mtutu, nayo haitoki kwa kuchomoa magazini. Watu wengi wameuawa na bunduki iliyosemwa ni tupu. Basi elekeza mtutu mahali pasipo na mtu, chomoa magazini kwanza, kisha fungua sehemu ya nyuma, utazame kwa macho na upapase kwa kidole.

Hapa Kenya haifai kuwa na bunduki pasipo cheti, kwa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na wengi wetu hatuna. Lakini nani asiye na dawa ya kuua kupe? Nimewahi kuiona chini ya kitanda, ndani ya chupa ya soda, na mtoto wa miaka mitatu akicheza hapo hapo. Nilipouliza, mwenye nyumba alinieleza jina la dawa ile bila kukosa herufi.

Mzee yule aliuliza mwishowe ufunguo ukae wapi, maana ndugu yake mmoja ana cheti cha bunduki. Nikamwambia usiwe juu ya mlango, wala ndani ya kikombe kabatini, kwa kuwa watoto wa nyumba hujua kila kilichomo humo. Bunduki iwe na sanduku lake, risasi ziwe na lao, na funguo zote mbili ziwe mfukoni mwa mwenye cheti.