Usiwatafute Freemason kwenye nguzo za Kariakoo

Ukipita Kariakoo, Dar es Salaam, Mtaa wa Msimbazi au Kongo, hukosi kukutana na tangazo limebandikwa kwenye nguzo: jiunge na Freemason upate utajiri, na chini yake namba ya simu. Mgeni anaweza kudhani chama kina ofisi hapo jirani. Hakina. Anayepokea simu hiyo ni tapeli. Ataongea kwa upole, ataomba jina kamili na picha, halafu ada ya fomu, halafu hela ya pete, halafu ya kusafirishia mzigo wa fedha ambao haufiki. Inauma kuona mfanyabiashara mdogo akikamuliwa hivyo mpaka mtaji wa duka unakwisha.

Freemason wenyewe jengo lao liko Barabara ya Sokoine, barabara ileile yenye Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu na Kanisa la Kilutheri la Azania Front. Kutoka Kariakoo panda basi la mwendokasi la Kivukoni, shuka Posta ya Zamani, kisha tembea. Si makumbusho na hakuna tiketi, hivyo tosheka na kulitazama kwa nje. Ukitaka kupiga picha, msalimie mlinzi na umwombe ruhusa kwanza. Maeneo haya yana ofisi za serikali na bandari, na kamera huzua maswali.

Yanayofanyika ndani hayana mazingaombwe yanayosimuliwa vijiweni. Alama yao ni bikari na skwea, vifaa vya fundi mwashi, kwa kuwa taratibu zao zilichukuliwa kwa waashi wa mawe wa Ulaya. Mwanachama hupanda ngazi tatu: mwanagenzi, fundi, kisha fundi mkuu. Kikaoni huvaa aproni na glavu nyeupe, na mlangoni husimama mwenzao mwenye upanga. Kila mwaka loji, yaani tawi lao, humsimika mkuu mpya, na baada ya kikao watu hukaa mezani wakala pamoja. Loji za Afrika Mashariki zilizo chini ya Uingereza hupokea wanaume tu, na sharti kubwa ni kumwamini Mungu. Dini yoyote inakubalika: Mwislamu hula kiapo kwa Kurani, Mkristo kwa Biblia, Mhindu kwa Gita. Kubishana dini au siasa kikaoni ni marufuku. Katika jiji lenye msikiti, hekalu na kanisa kwenye mitaa inayopakana, mimi naona utaratibu huo una maana kubwa kuliko siri zote wanazodhaniwa kuzificha.

Ukitaka kuwaelewa, soma habari za Sir Andy Chande. Alizaliwa Mombasa mwaka 1928, akakulia Bukene, Tabora. Mwaka 1967 serikali ilipotaifisha vinu vya familia yake, Mwalimu Nyerere alimtaka abaki kuviendesha, naye akakubali, akaliongoza Shirika la Taifa la Usagishaji. Mtu aliyenyang'anywa mali akageuka kuitumikia nchi kwa mali ileile! Kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa mkuu wa Freemason wa Afrika Mashariki, na hakujificha: alijitokeza hadharani kujibu maswali ya waandishi, akikana habari za kafara na utajiri wa ghafla. Mwaka 2003 Malkia Elizabeth II alimpa heshima ya kuitwa Sir. Kitabu cha maisha yake, *A Knight in Africa*, kilitoka mwaka 2005. Kitafute kwenye maduka ya vitabu ya mjini. Alifariki Aprili 2017.

Kuhusu kujiunga: mtu huingia kwa kudhaminiwa na wanachama wanaomfahamu, huchunguzwa mwenendo wake, kisha hupigiwa kura. Hulipa ada kama chama chochote, halipwi yeye. Ukitumiwa ujumbe wa simu unaokuahidi kinyume cha hayo, usijibu. Tuma namba ya tapeli kwenda 15040, bure, na kama umekwisha kutuma pesa, wapigie mtandao wako wa simu saa hiyohiyo wajaribu kuuzuia muamala, kisha nenda Kituo cha Polisi Msimbazi ukiwa na ujumbe wote kwenye simu, bila kufuta hata mmoja.