Dondoo muhimu: Sonara wa kujitegemea London

Pete ya fedha inayozidi gramu 7.78, au ya dhahabu inayozidi gramu 1, huruhusiwi kuiuza kwa jina la fedha au dhahabu bila chapa. Ndivyo inavyotaka sheria ya mwaka 1973. Andikisha kwanza alama yako yenye herufi za jina lako katika ofisi ya upimaji iliyo Goldsmiths' Hall. Wao hupima madini, kisha hugonga chapa ya kichwa cha chui. Peleka kazi kabla ya kuing'arisha mara ya mwisho, kwa sababu kigongeo huacha kovu upande wa pili wa bamba jembamba. Hereni nyepesi ziombee chapa ya leza. Na usipeleke pete moja moja, utalipia bure: kusanya mzigo.

Vumbi la tupa usilifagie ovyo. Wanunuzi wa Hatton Garden, mtaa wa masonara, hulipia masalio kwa uzito.

Ukitumia tanzanaiti ya Mererani, maliza kulehemu ndipo uipachike. Haipendi moto wa ghafla, wala mashine za kusafishia kwa mitetemo. Maji ya uvuguvugu na sabuni yatosha.

Mauzo yakipita pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi, kabla ya kutoa gharama, jiandikishe HMRC, mamlaka ya kodi.