Nyama ya kidari: Lainisha kwa presha, si kwa vidonge

KIDARI ni ile nyama ya kifua cha ng'ombe, iliyo kati ya miguu ya mbele. Buchani huuzwa kwa bei nafuu kuliko steki, ina mafuta ya kiasi, na mchuzi wake hauna mfano. Hata hivyo, wapishi wengi huikwepa kwa sababu ya ugumu wake. Sufuria huinjikwa saa nne asubuhi, na ifikapo saa saba watu wa nyumbani bado wanavutana nayo kwa meno.

Pengine utauliza, msomaji, daktari ana kazi gani jikoni. Anayo, tena kubwa. Wazee wengi wanaofika kliniki wakiwa dhaifu husema waliacha nyama kwa kuwa hawana meno ya kuitafuna. Watoto wadogo hunyonya kipande, kisha hukitema au hukimeza kizima na kupaliwa. Zaidi ya hayo, ugumu wa nyama umewafanya wengine watafute njia za mkato ambazo ni hatari kwa mwili. Kwa hivyo juma hili tutajifunza namna ya kulainisha kidari kwa sufuria ya presha, na mambo ya afya yanayoambatana na upishi huo.

Kwanza, ugumu watoka wapi?

Ng'ombe akisimama, miguu ya mbele hubeba zaidi ya nusu ya uzito wake. Misuli ya kifua hufanya kazi mchana kutwa. Ili isichanike, huwa imefungwa kwa utando mweupe wenye nguvu, ambao wataalamu huuita kolajeni. Kadiri mnyama anavyozeeka, ndivyo utando huo unavyozidi kukaza. Katika maeneo ya Kericho na Bomet ambako kila boma lina ng'ombe wa maziwa, usishangae ukiuziwa nyama ya ng'ombe aliyekamuliwa miaka mingi kabla ya kufika buchani.

Utando huu una tabia moja njema. Ukipata joto na unyevu kwa muda wa kutosha, huyeyuka na kuwa jeletini, ule ute laini unaoufanya mchuzi kuganda ukipoa. Lakini kabla ya hapo, nyama yenyewe ikifika joto la digrii 60 hivi za sentigredi hujikunyata na kukamua maji yake. Ndiyo maana ukionja kidari baada ya nusu saa utakikuta kigumu kuliko kilivyokuwa kibichi, ukadhani kimeharibika. Hakijaharibika. Utando haujapata muda wa kuyeyuka tu.

Maji ya mlimani huchemka mapema

Sasa sikiliza siri ambayo mpishi wa Mombasa hahitaji kuijua. Pale pwani, maji huchemka yakifika digrii 100. Lakini kwa kila mita 300 unazopanda, kiwango hicho hushuka kwa takriban digrii moja. Miji ya Kericho na Bomet iko kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na maji huchemka yakiwa na joto la digrii 93 tu.

Maana yake ni kwamba ukiongeza kuni, maji yatatokota kwa kelele na kukauka upesi, lakini hayatapata joto zaidi ya hapo. Mchanganyiko wa nyama iliyokomaa na maji yasiyofika digrii 100 ndio unaokufanya ukeshe jikoni. Maharagwe na githeri hukumbwa na tatizo hilo hilo. Si kwamba wewe ni mpishi mbaya.

Presha iliyo njema

Neno presha likitajwa kliniki, watu hushika kifua. Hii ya jikoni ni presha njema. Mnamo mwaka 1679, Mfaransa mmoja aliyesomea udaktari, Denis Papin, akiwa London, alitengeneza chungu chenye kifuniko cha kukazwa kisichopitisha mvuke. Akaweza kulainisha hata mifupa. Kwa kuwa vyungu vya namna hiyo vingeweza kupasuka, akaweka pia kidude cha kutoa mvuke ukizidi. Sufuria za presha tunazotumia leo zinafuata wazo hilo.

Mvuke usipopata njia ya kutoka husukuma maji, na maji yanayosukumwa hivyo hayachemki hadi yapate joto zaidi. Kule pwani, sufuria ya kawaida ya kuwekwa mekoni hufikisha digrii 121 hivi. Huku kwetu hufikisha karibu digrii 117. Ni pungufu kidogo, lakini ni zaidi ya digrii 20 juu ya sufuria isiyo na presha. Kazi ya saa tatu au nne hukamilika kwa muda wa saa moja hivi. Kuni, makaa au gesi huokolewa, na anayepikia jikoni kusiko na dirisha huvuta moshi kidogo. Kwa wenye pumu na kwa watoto wachanga wanaobebwa mgongoni wakati wa kupika, hilo peke yake ni tiba.

Namna ya kupika

Nunua kilo moja na nusu ya kidari kwenye bucha linalouza nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Usishawishiwe na nyama ya bei ya chini ya ng'ombe aliyejifia mwenyewe. Ugonjwa wa kimeta humwambukiza hata anayeishika na kuikata nyama hiyo, na usidhani kwamba sufuria ya presha itakuokoa.

1. Punguza mafuta ya juu, ubakishe tabaka jembamba. Kata nyama vipande vikubwa kama yai. Ikaushe kwa kitambaa safi.

2. Tia vijiko viwili vya mafuta ya kupikia sufuriani, na ukaange vipande vichache vichache hadi viwe vya rangi ya kahawia. Viweke kando.

3. Kaanga vitunguu maji viwili, kitunguu saumu na tangawizi. Ongeza nyanya tatu na kijiko kidogo cha chumvi. Rudisha nyama.

4. Mimina vikombe viwili vya maji. Usipunguze, kwa sababu bila maji hakuna mvuke. Vyote vikiwa ndani, sufuria isizidi theluthi mbili. Ukipika maharagwe, isizidi nusu, kwa kuwa hufura na kutoa povu.

5. Funga kifuniko. Sufuria ikianza kupiga mluzi au kutoa mvuke kwa nguvu, punguza moto na uanze kuhesabu dakika. Kwa anayepikia kuni, chomoa vijinga, ubakishe moto mdogo.

6. Vijitabu vingi vya sufuria hizi huandikiwa watu wa nyanda za chini. Kanuni ni kuongeza asilimia 5 ya muda kwa kila mita 300 zinazozidi mita 600. Kwetu sisi hiyo ni karibu robo. Kijitabu kikisema dakika 40, wewe pika dakika 50. Sufuria nyingi za umeme huwa na presha ndogo kidogo, kwa hivyo ongeza dakika 10 tena.

7. Zima moto, uache sufuria itulie yenyewe kwa dakika 15 au zaidi. Ukitoa mvuke ghafla, nyama hutokota kwa nguvu na kukauka.

Jaribu kwa uma. Ukiingia na kutoka bila kushikwa, kidari kimeiva. Kama bado, funga tena kwa dakika 10. Nyuzi zikiwa ndefu, kata nyama kwa kukingamisha kisu na nyuzi hizo ili zibaki fupi mdomoni. Mzee asiye na meno apondewe kwa uma pamoja na mchuzi.

Njia za mkato ni njia za hospitali

Wako watu, hasa wapishi wa biashara, wanaotia vidonge vya parasetamoli katika nyama au maharagwe ili viive upesi. Tabia hii imezungumziwa mara nyingi katika Afrika Mashariki, nami naomba ikome. Mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 za dawa hiyo kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Dawa iliyo chunguni haijulikani imeingia kiasi gani katika sahani ya nani, na kuchemsha si njia ya kuiondoa. Anayekula mara kwa mara mahali hapo, kisha akameza vidonge vyake vya kichwa akirudi nyumbani, anaweza kulidhuru ini pasipo kujua. Anayekunywa pombe sana yumo hatarini zaidi. Ubaya wa sumu hii ni kwamba siku ya kwanza mgonjwa huweza kujihisi salama, huku ini likiharibika.

Magadi nayo yana sodiamu nyingi, kitu kisichomfaa mwenye shinikizo la damu, na huharibu baadhi ya vitamini B za chakula. Magadi ya kuchimbwa huweza pia kuwa na floraidi nyingi, madini yanayoyatia meno ya watoto madoa ya kahawia. Ukiwa na sufuria ya presha, huna haja nayo.

Usiungue

Mvuke wa sufuria hii una joto kuliko maji yanayochemka, na ajali nyingi hutokea kwa haraka ya kufungua. Haraka haraka haina baraka. Usilazimishe kifuniko kinachokataa kufunguka, kwa kuwa kinakwambia bado kuna presha ndani. Kila mara kabla ya kupika, angalia kitundu cha mvuke kama hakijaziba. Mpira wa kifuniko ukikauka au ukipasuka, nunua mwingine wa sufuria hiyo hiyo. Usiweke waya au jiwe badala ya kizito cha juu. Watoto wasicheze karibu.

Mtu akiungua, weka mahali hapo chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Vua pete, saa na nguo isiyogandamana na ngozi. Funika kwa kitambaa safi, uende hospitali ikiwa aliyeungua ni mtoto, au ikiwa ni uso, mikono au sehemu za siri, au kidonda kimezidi kiganja cha mgonjwa. Usipake dawa ya meno, unga, mayai wala samli. Vitu hivyo huhifadhi joto, huleta viini na humpa daktari kazi ya kusugua kidonda.

Chai isubiri kidogo

Sisi ni watu wa majani chai, na wengi hupenda kikombe pamoja na chakula. Lakini chai ina tanini, ambayo huyazuia madini ya chuma yaliyo katika mboga na maharagwe yasiingie mwilini. Madini hayo ndiyo yanayotengeneza damu. Chuma cha nyama hakizuiwi sana na chai, tena nyama kidogo huusaidia mwili kupata chuma cha mboga zilizoliwa pamoja nayo. Kwa hivyo mama mjamzito, msichana aliyeanza kupata hedhi na mtoto mdogo watafaidika na vipande vichache vya kidari laini pamoja na managu au sukuma wiki na ugali. Chai wainywe saa moja hivi baadaye. Mjamzito asiache vidonge vyake vya chuma kwa sababu amekula nyama.

Upande wa pili, uzuri wa kidari usikufanye ukile kila siku. Shirika la Afya Duniani kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani liliiweka nyama nyekundu mwaka 2015 miongoni mwa vitu vinavyodhaniwa kuleta saratani ikiliwa kwa wingi. Kwa mtu mzima, milo mitatu hivi kwa juma, isiyozidi gramu 500 za nyama iliyopikwa, yatosha. Mwenye shinikizo la damu apunguze chumvi na viungo vya vipande vya buchani na dukani vilivyojaa chumvi. Mwenye jongo apunguze nyama na hasa supu yake.

Kinachobaki kisilale mekoni. Wako viini vinavyostahimili kuchemshwa na kuzaana katika sufuria kubwa inayopoa polepole, kisha huleta tumbo la kuendesha. Gawa nyama katika vyombo vidogo, ipoe, na iingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita. Asubuhi utakuta mafuta yameganda juu. Yaondoe kwa kijiko, kisha uchemshe nyama vizuri kabla ya kula. Moyo wako utakushukuru.

Mchele mmoja, mapishi mengi. Kidari ni kile kile, lakini akipikiwa hivi hata nyanya aliyebakiwa na meno mawili atapata sehemu yake mezani. Hadi juma lijalo, nakutakia afya njema.