SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: Mita ya USB na Upimaji wa Chaja na Waya

Kila msimu wa ununuzi unapokaribia, mizani za chama cha msingi hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kugongwa muhuri. Hakuna mwanachama atakayekubali pamba yake ipandishwe juu ya mizani ambayo haijakaguliwa. Lakini siku hizi mizani si chombo pekee kinachobeba haki ya mkulima. Katika vyama vingi kilo zikishasomwa huandikwa katika simu au kishikwambi, na chombo hicho kikizimika katikati ya foleni, hesabu ya siku nzima huingia mashakani. Somo hili lahusu chaja, waya wake, na mita ndogo iwezayo kuonyesha kama vitu hivyo vinafanya kazi iliyolipiwa fedha za wanachama.

Katika chama kimoja cha wakulima wa pamba, karani wa kituo cha ununuzi alifikishwa mbele ya Bodi kwa kosa la uzembe. Kwa siku tatu mfululizo kishikwambi chake kilizimika kabla ya adhuhuri, naye akalazimika kuandika daftarini kwa mkono. Jioni, alipohamisha maandishi yale, kilo za wakulima wawili hazikulingana na stakabadhi walizokuwa nazo. Bodi ilikusudia kumkata mshahara ili kufidia tofauti hiyo.

"Bwana Karani," aliuliza Mwenyekiti, "vituo vitano vimepewa chaja za namna moja. Mbona ni chako peke yake?"

"Ndugu Mwenyekiti, nimekichomeka kila siku saa mbili usiku na kukichomoa saa kumi na moja alfajiri. Zaidi ya hapo sijui nifanye nini."

Jambo ambalo halikutajwa mezani ni kwamba katika kituo kile soketi iko juu ukutani, na kwa sababu hiyo karani alinunuliwa waya mwingine, mrefu wa mita mbili, kutoka sokoni. Mwanachama mmoja ambaye ni fundi simu aliomba ruhusa akaleta mita yake ya USB. Kwenye mlango wa chaja mita ilisoma volti 5.1. Ilipohamishiwa mwisho wa waya, pale unapoingia kwenye kishikwambi, ilisoma volti 4.4 na mkondo wa ampea 0.45. Volti ikizidishwa kwa ampea hupatikana wati. Hapo zilikuwa wati 2 tu. Kwa saa tisa za usiku ziliingia kama wati-saa 18, na sehemu yake hupotea kuwa joto. Betri ya kishikwambi kile huhitaji kama wati-saa 27. Yaani karani aliamka kila siku na betri iliyopita nusu kidogo tu, hata angalikesha akiilinda.

Waya mfupi na mnene ulipotiwa mahali pake, kishikwambi kilivuta ampea 1.8 kwa volti 4.8, yaani zaidi ya wati 8. Shauri likafutwa, na Meneja akaagiza ubao mdogo upigiliwe ukutani chini ya soketi ili chombo kikae karibu.

Mita ya USB ni kidude kinachoenea kiganjani. Huchomekwa kati ya chaja na waya, au kati ya waya na simu, na umeme wote unaokwenda kwenye simu hupita ndani yake. Volti ni msukumo wa umeme, ampea ni wingi wa mkondo unaopita. Ndani ya mita mna kipande chenye ukinzani mdogo sana. Mkondo ukipita hapo volti hupungua kidogo, na kwa kuupima upungufu huo mita hukokotoa ampea. Kwa hiyo mita nayo hujitwalia ushuru wake njiani. Kipande chenye ukinzani wa sehemu moja ya mia ya omu hupunguza volti 0.02 mkondo ukiwa ampea 2, jambo lisilo na madhara. Chenye sehemu tano za mia hupunguza volti 0.1, na hapo mpimaji asiyejua aweza kuulaumu waya kwa kosa la mita.

Kuna kosa ambalo wapimaji wapya hulifanya sana. Chaja iliyoandikwa ampea 2 haisukumi ampea 2 kwenye kila kitu kinachochomekwa. Maandishi yale yasema kwamba inaweza kutoa hadi ampea 2; kinachoamua kiasi cha kuvuta ni simu yenyewe. Simu ambayo betri yake imekaribia kujaa huvuta kidogo hata kwenye chaja bora. Basi upimaji ufanyike betri ikiwa chini ya nusu, kioo kimezimwa, simu ikiwa ile ile moja kwa chaja zote na waya zote. Tena kibadilishwe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Anayebadilisha chaja na waya kwa pamoja ataona tarakimu mpya, lakini hatajua sababu yake.

Kuhusu waya, wengi hutazama urefu wakasahau unene. Baadhi ya waya huandikwa kwenye ganda namba ya AWG, na namba hiyo huenda kinyume: kadiri ilivyo kubwa, ndivyo shaba ilivyo nyembamba. Shaba ya AWG 28 ina ukinzani wa omu 0.21 hivi kwa kila mita. Ya AWG 24 omu 0.084, ya AWG 20 omu 0.033. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo waya wa mita moja ni safari ya mita mbili. Mkondo wa ampea 2 katika waya wa mita moja wa AWG 28 hupoteza volti 0.85 hivi, na chaja ya volti 5.1 itafikisha 4.25. Kwa AWG 24 hupotea 0.34, na kwa AWG 20 hupotea 0.13 tu. Simu nyingi zikiona volti inashuka hupunguza mkondo zenyewe, na hivyo ndivyo waya mwembamba unavyoigeuza chaja nzuri kuwa chaja ya usiku kucha. Hesabu hizi ni za shaba halisi. Aluminiamu iliyopakwa shaba huonekana sawa machoni lakini ina ukinzani mkubwa zaidi, na mita huifichua kwa dakika moja.

Yafaa sasa kuzilinganisha mita zenyewe, maana dukani zimepangwa nyingi na kila moja yajisifu. Iliyo rahisi kabisa ina mlango bapa wa USB ya zamani na tarakimu nyekundu zinazobadilishana volti na ampea. Aghalabu husoma volti kati ya 3.5 na 7, na mkondo usiozidi ampea 3. Kwa chaja ya kawaida ya volti 5 yatosha. Upungufu wake ni kwamba haiwezi kupima waya wenye ncha za USB-C pande zote mbili, wala haifai kwa chaja za haraka zinazopandisha volti hadi 9 au zaidi.

Daraja la pili ni mita kama UM25C, inayosoma kati ya volti 4 na 24 na hadi ampea 5, yenye milango ya aina zaidi ya moja, na inayohesabu wati-saa zilizopita. FNB58 hufika volti 28 na ampea 7, na yaweza kuiomba chaja ibadilishe volti. Juu yake zipo kama KM003C ya Power-Z, zinazosoma hadi volti 50 na kuonyesha mazungumzo baina ya chaja na simu. Volti hizo si za anasa, kwani utaratibu wa USB PD uliopanuliwa mwaka 2021 waruhusu hadi volti 48 na wati 240. Lakini chama cha msingi hakina chombo cha namna hiyo ofisini. Mita ya daraja la pili yakitosha, na fedha zinazobaki zinunue waya.

Mnunuzi asidanganywe na wingi wa tarakimu. Mita inayoandika 5.0832 si lazima iwe ya kweli kuliko inayoandikа 5.08, mizani yaweza kuonyesha gramu huku ikikosea nusu kilo. Njia ya kujua ni kuziunganisha mita mbili moja nyuma ya nyingine, kisha simu. Mkondo unaopita ni mmoja, kwa hiyo ampea zapasa kukaribiana sana. Iliyo karibu na chaja itasoma zaidi kidogo, kwa sababu inahesabu pia umeme unaoliwa na mwenzake. Zibadilishwe nafasi, zisomwe tena. Zikipishana kwa ampea 0.02 katika ampea 1, hiyo ni asilimia 2, na kwa kuhukumu waya haidhuru. Zikipishana kwa 0.15, mojawapo ni mbovu, na mita ya tatu au ya fundi umeme itaonyesha ni ipi. Chama kikuu chaweza kununua mita moja nzuri ikakaa makao makuu kama yanavyokaa mawe ya kupimia, na vyama vya msingi vikaleta mita zao ndogo kulinganisha kabla ya msimu.

Ununuzi wa pawabenki umezusha ugomvi usio na sababu. Pawabenki iliyoandikwa mAh 10,000 ikipimwa kwa mita, hutoa labda mAh 6,300, na Bodi husema imeibiwa. Namba ya ganda hupimwa kwa volti ya betri ya ndani, ambayo ni 3.7, ilhali mita yapima volti 5 zinazotoka. Betri ile ina wati-saa 37. Zikigawanywa kwa 5, hata bila upotevu wowote, zingetoka mAh 7,400 tu; na kifaa cha kupandisha volti hula sehemu yake. mAh 6,300 kwa volti 5 ni wati-saa 31.5, yaani asilimia 85, na muuzaji hana kosa. Ikitoa mAh 2,000, hapo ndipo pa kumwita. Ushauri ni kuzisoma wati-saa na kuziacha mAh kwa matangazo.

Hatari nazo zipo. Mita yenye uwezo wa kuiamuru chaja itoe volti 20 isiamuriwe hivyo ikiwa imeunganishwa na kifaa cha volti 5, maana kifaa kitaungua. Na waya mpya usioaminika usijaribiwe kwanza kwenye kishikwambi cha chama. Mwaka 2016 mhandisi wa Google, Benson Leung, aliyekuwa akipima waya za USB-C zilizouzwa mtandaoni, alikuta waya mmoja ambao nyaya zake za umeme zilikuwa zimegeuzwa, chanya mahali pa hasi. Uliharibu kompyuta yake na vifaa viwili vya kupimia. Basi waya mpya upitie kwanza kwenye mita ya bei ndogo na simu kuukuu.

Tena mita haioni kila kitu. Inasoma upande wa volti 5, haijui lolote juu ya ukuta uliopo ndani ya chaja baina ya hizo 5 na volti 230 za soketi. Mwaka 2016 kampuni ya UL ilipima chaja 400 bandia zilizoigwa kwa jina la Apple. 397 zilishindwa, na 12 kati yake ziliweza kuua mtu kwa umeme. Chaja nyepesi kupita kiasi, isiyo na jina la mtengenezaji, au inayochoma mkono baada ya nusu saa, ikataliwe hata kama mita imeisifu.

Zoezi kwa kikundi cha masomo. Waya wa kwanza: upande wa chaja volti 5.10, upande wa simu volti 4.95, mkondo ampea 1.0. Waya wa pili: upande wa chaja volti 5.05, upande wa simu volti 4.75, mkondo ampea 2.0. Upi una ukinzani mdogo? Pawabenki ya mAh 20,000 imetoa mAh 12,500 kwa volti 5. Je, Bodi imlipe muuzaji?

Majibu. Mwenye haraka ataukataa waya wa pili kwa kuwa umepoteza volti 0.30 na wa kwanza 0.15. Lakini upotevu hugawanywa kwa ampea: 0.15 kwa 1.0 ni omu 0.15, na 0.30 kwa 2.0 ni omu 0.15 vilevile. Waya hizo ni sawa. Pawabenki ilikuwa na wati-saa 74 na imetoa 62.5, ambazo ni zaidi kidogo ya asilimia 84, muuzaji alipwe.