Saratani ya ini: Je, jeni zaweza kuonyesha hatima ya mgonjwa?

IKIWA unaishi Pipeline, Embakasi, huenda umewahi kuchangia nauli ya kumpeleka jirani hospitalini, tumbo limevimba, macho yamekuwa ya manjano na nguo hazimkai tena. Wakati mwingine, baada ya kupigwa picha na kupimwa damu, jamaa huambiwa kuwa ni saratani ya ini. Swali lao huwa moja: "Daktari, ataishi kwa muda gani?" Jibu hilo ndilo huamua kama familia itauza shamba, itaitisha harambee au itamtunza mgonjwa nyumbani.

Watafiti wanajaribu kulijibu swali hili kwa kuchunguza jeni zinazohusika na kifo cha seli. Hebu tuone maana yake.

Seli hufaje?

Kila seli ya mwili ina maagizo ya kujiua ikiharibika. Kifo hiki cha mpango kilipewa jina la apoptosisi mwaka 1972. Mwaka 2002, Sydney Brenner, mzaliwa wa Afrika Kusini, pamoja na Robert Horvitz na John Sulston, walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha jinsi jeni zinavyokiongoza.

Fikiria nyumba za kupanga mtaani Pipeline. Mpangaji akipewa notisi huhama. Seli ya saratani ni mpangaji anayekataa notisi, akajifungia ndani na kuzidi kuleta watu hadi majirani wakakosa nafasi. Jeni iitwayo TP53 ni kama keateka anayepeleka notisi, nayo BCL2 ni kama komeo linalozuia mlango. Mwaka 2012 kifo kingine, kinachotegemea madini ya chuma, kiliitwa feroptosisi. Jeni SLC7A11 huikinga seli isife kwa njia hiyo.

Hesabu hufanywaje?

Kipande cha uvimbe huchukuliwa, kisha hupimwa ni jeni zipi zinafanya kazi kwa nguvu na zipi zimelala. Kila jeni hupewa uzito wake, na jumla huwa ndiyo alama ya mgonjwa. Wenye alama za juu hulinganishwa na wenye alama za chini ili kuona ni kundi gani lililoishi zaidi. Ndiyo sababu watu wawili wenye uvimbe wa ukubwa sawa waweza kuwa na hatima tofauti.

Lakini tahadhari, msomaji. Alama hizi bado ni za utafiti, wala si kipimo cha kawaida hospitalini. Tena, nyingi zilitokana na wagonjwa wa Marekani na Asia, Waafrika wakiwa wachache mno. Usiuze ng'ombe kulipia kipimo cha aina hii kabla hujamuuliza daktari kitabadilisha nini katika matibabu. Kwa sasa daktari hutazama mambo haya:

• Idadi na ukubwa wa uvimbe, na kama umeingia kwenye mishipa ya damu au kusambaa.
• Jinsi ini linavyofanya kazi: je, kuna maji tumboni, umanjano au kuchanganyikiwa?
• Nguvu za mgonjwa: je, aweza kujihudumia?

Sumu ya mahindi

Jambo hili linatuhusu kwa sababu nyingine. Mwaka 1991 watafiti waliripoti kuwa uvimbe mwingi wa ini kutoka Qidong, China, na kusini mwa Afrika ulikuwa na kasoro mahali pamoja katika jeni TP53. Mshukiwa alikuwa aflatoksini, sumu ya ukungu wa mahindi na njugu. Yaani sumu hiyo humharibu keateka mwenyewe!

Wakenya wanaikumbuka sumu hii. Mwaka 2004, Ukambani na maeneo jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumu nyingi. Kiasi kidogo hakiui mara moja, lakini kikiliwa kwa miaka mingi huleta saratani, hasa kwa mwenye virusi vya hepatitisi B.

Ufanye nini?

• Mahindi ukiletewa kutoka mashambani, hakikisha yamekauka vizuri, na uyahifadhi mbali na sakafu yenye unyevu.
• Chambua na utupe punje zenye ukungu, zilizovunjika au kubadilika rangi kabla ya kupika githeri au kwenda kusaga. Kupika hakuimalizi sumu hii.
• Pima hepatitisi B. Usipokuwa nayo, uliza kuhusu chanjo. Ukiwa nayo, zipo dawa za kuidhibiti na yafaa ini lichunguzwe mara kwa mara.
• Hakikisha mtoto amemaliza chanjo zake. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya hepatitisi B mwaka 2001.
• Punguza pombe.

Uvimbe ukigunduliwa ungali mdogo, waweza kukatwa au kuchomwa. Kwa hiyo, ukiwa na hepatitisi B usingoje macho yawe ya manjano. Nenda upimwe.